Mgonjwa na Ugonjwa Wake: Kisa cha Binti wa Miaka 15 na Simu Yake

"Daktari, leo nimekuletea mgonjwa pamoja na ugonjwa wake."

Ndivyo alivyoanza mama mtu, hata kabla hajakaa. Mgonjwa alikuwa binti yake wa miaka 15, amesimama mlangoni anaangalia viatu vyake. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kama kielelezo cha mahakamani: simu janja iliyopasuka kioo pembeni, imezimwa. Mama akaiweka katikati ya meza yangu. Mimi si daktari, ni mshauri nasaha, lakini nimeshachoka kusahihisha.

Niseme mapema kwamba binti huyu si mtu mmoja. Nimechukua visa kadhaa vinavyofanana nikavisuka kuwa kimoja, na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu nimekibadilisha. Alama za vipimo vyake na hesabu za siku ni za kisa hiki kilichosukwa, zipo zikuonyeshe mwenendo wa mambo. Tafiti na sheria nitakazozitaja ni za kweli.

Walivyokuja

Maelezo ya mama yalikuwa yamenyooka. Binti alikuwa mcheshi, darasani yumo kwenye kumi bora, jioni anacheza mpira wa kikapu. Akanunuliwa simu alipotimiza miaka 14. Mwaka haujaisha alama zikaporomoka, mpira akauacha, mezani anakula vijiko vitatu anaaga, na usiku mwanga unaonekana chini ya mlango wake mpaka saa nane, saa tisa. Akiulizwa, jibu ni moja: "Niko sawa."

Siku tisa kabla ya kuja kwangu, mama alimpokonya simu. Kilichofuata ndicho kilichomtisha. Siku ya kwanza binti alilia kwa kugaragara, ya pili na ya tatu akanuna, na usiku wa nne mama akamkuta chooni saa nane, amejifungia, ameshika simu ya kaka yake aliyoichomoa chini ya mto.

"Mikono inamtetemeka, Daktari. Nikajua basi, hii ni arosto kabisa. Mwanangu ameshakuwa teja wa simu."

Nilimsikiliza huku namtazama binti. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinasugua ukingo wa meza kutoka chini kwenda juu, taratibu, bila kukoma, kama anaperuzi kitu ambacho hakipo. Mama akanitupia jicho: unaona? Niliona. Nikakubaliana naye palepale, na hapo ndipo nilipokosea.

Vipimo, na kosa langu

Siku hiyohiyo nilimpa binti hojaji mbili. Ya kwanza ni kipimo kifupi cha uraibu wa simu janja kilichochapishwa na watafiti wa Korea Kusini mwaka 2013. Kina maswali 10, kila moja linajibiwa kwa alama 1 hadi 6, kwa hiyo jumla haizidi 60. Watafiti wale waliweka mstari wa hatari kwenye alama 31 kwa wavulana na 33 kwa wasichana. Binti alipata 44. Hojaji ya pili ni ile ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, yenye maswali 9 na jumla ya alama 27, ambayo kuanzia 10 kwenda juu mshauri hapaswi kuipuuza. Alipata 13.

Swali la tisa la hojaji hiyo linauliza kuhusu mawazo ya kujiumiza au kuona heri ufe. Alikuwa ameweka alama 1, yaani siku kadhaa. Nikamwomba mama atupishe. Nikamuuliza binti bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujiua, kama ana namna aliyoipanga, kama kuna siku alikaribia. Wazazi wengi huogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Ushahidi wa utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na mimi nimeona mara nyingi mtoto akishusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu ameuliza. Huyu alijibu: "Sitaki kufa. Natamani tu nilale, nije kuamka wote wameshamaliza shule."

Wote. Nililiandika neno hilo kwenye faili, nikalipigia mstari, kisha sikulifanyia kazi kwa wiki mbili nzima. Nilihakikisha hana mpango wa kujidhuru, nikakubaliana naye nimweleze mama yake akiwepo mwenyewe, tukapanga amwamshe nani usiku ukimwia mzito na wapi wakimbilie wasiponipata mimi. Hilo nililifanya sawasawa. Lakini "wote" ni akina nani? Sikuuliza. Alama 44 ilikuwa imeshanijaza kichwa.

Kosa lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, hojaji ya simu aliijaza mama akiwa kiti cha pembeni, shingo ameinyoosha. Pili, hata kama angeijaza peke yake, kipimo kile kinaonyesha jinsi simu ilivyoingia kwenye maisha ya mtu, na hakimwambii msomaji mtu huyo anafanya nini humo ndani. Nikatoa mpango ambao mshauri yeyote mwenye haraka angeutoa: simu irudi, saa mbili kwa siku, sebuleni, mbele za watu, na usiku ikae kwa mama.

Siku ya nne mama akanipigia, sauti imejaa mshangao. "Daktari, anapewa saa mbili hazimalizi. Anashika dakika ishirini, anaiweka mezani, anakwenda kulala. Halafu saa nane anakuja kuiiba chumbani kwangu."

Fikiria hilo kidogo. Mlevi aliyewekewa chupa nzima mezani mchana haachi nusu ili aje kuvunja kabati usiku. Kama kiu yake ilikuwa ya simu, kwa nini aliacha dakika mia za halali, akahatarisha ugomvi kwa ajili ya dakika kumi za wizi? Nilipokata simu ile nilirudi kwenye faili nikaona mstari wangu chini ya neno "wote".

Daftari la usiku saba

Kikao kilichofuata sikuuliza habari za saa. Nilimpa binti daftari dogo, nikamchorea safu tatu: kabla, nimefanya nini, baada. Kila akiishika simu kwa kujiiba au kwa ruhusa, aandike. Sikumkataza kuiba, jambo ambalo mama hakulipenda, na nisingemlaumu. Nilimwambia naye kwamba kwa wiki moja ajifanye hasikii mlango.

Daftari likarudi na maandishi 23. Mengine ni ya kawaida: kusikiliza muziki, kutazama video za watu wanaofundisha kusuka, kumuuliza mwenzake swali la hesabu. Haya hayakuzidi sita. Yaliyobaki 17 yalikuwa karibu jambo lilelile. Nanukuu mawili kama yalivyo, kwa ruhusa.

"Saa 7:40 usiku. Kabla: nimeota wananicheka. Nimefanya: nimeangalia nani yuko hewani. Baada: wawili wako hewani. Wanaongea nini saa hizi?"

"Saa 8:15. Kabla: nimeshindwa kulala. Nimefanya: nimeangalia tena. Wametoka wote kwa pamoja dakika moja. Baada: bora wametoka. Lakini mbona pamoja?"

Nikamuuliza kama ninaweza kuona simu yenyewe, akiishika yeye. Akanifungulia. Kilichonishangaza ni kwamba kwa wiki tatu zilizopita hakuwa amemwandikia mtu yeyote chochote, ukiacha lile swali la hesabu. Mama yake alikuwa na picha ya binti anayechati usiku kucha. Huyu hakuwa anachati hata kidogo. Alikuwa analinda, kama askari wa zamu: anafungua, anatazama nani yupo, nani ameonekana mwisho saa ngapi, nani ameweka stetasi, anafunga. Dakika tano baadaye anarudia.

Hadithi ikatoka vipandevipande. Walikuwa marafiki watano wa darasa moja, na grupu lao. Siku moja alimwandikia mmoja wao, pembeni, maneno ya kulalamika kuhusu mwingine. Yule aliyeandikiwa akapiga skrinishoti. Jioni yake grupu likaonyesha ule mstari mfupi ambao kijana wa leo anauogopa kuliko bakora: ametolewa. Hakuna aliyemgombeza. Asubuhi darasani walimsalimia. Ila walikuwa na grupu lingine, na yeye alilijua kwa sababu simu zao zote nne zililia kwa mpigo wakati wa mapumziko, na yake ikanyamaza.

Hapo alilia. Mimi nilibaki nafikiria mlio huo mmoja wa simu nne, maana ndio uliomfanya aache na mpira wa kikapu: wawili kati ya wale wanne walikuwa kwenye timu.

Simu ilikuwa inamfanyia kazi gani

Sasa turudi nyuma tuisome tabia yenyewe. Mtu akihofia kwamba anasemwa, hofu ile inapanda. Akiangalia simu akakuta kimya, hofu inashuka kidogo, na ubongo unajifunza: ukiogopa, angalia. Nafuu ile ya sekunde chache ndiyo mshahara. Haijalishi kwamba baada ya dakika tano hofu imerudi na riba. Ni mzunguko uleule wa mtu anayerudi kuhakikisha kama mlango ameufunga, mara ya kumi.

Juu ya hapo kuna jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walilichapisha mwaka 1957 baada ya miaka ya kuwachunguza njiwa: tabia inayolipwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, ni ngumu kufa kuliko ile inayolipwa kila mara. Binti yetu akiangalia mara kumi, tisa hakuti kitu. Ya kumi anakuta stetasi yenye fumbo ambalo huenda linamhusu. Hiyo moja inamrudisha kwa mara nyingine hamsini. Wanaotengeneza programu za simu hawakumbuni binti huyu, lakini alama ya "yuko hewani", alama ya "mwisho kuonekana" na alama ya "amesoma" zimemwekea mezani vitu vitatu vya kuangalia ambavyo kizazi cha mama yake hakikuwa navyo. Zamani ukitengwa, ulitengwa shuleni. Saa kumi jioni ulirudi nyumbani na kutengwa kukabaki kule getini.

Ndiyo maana kumpokonya simu kulimfanya atetemeke. Kwa mama, ugonjwa ulikuwa umeondolewa. Kwa binti ilikuwa ni kunyang'anywa tochi ndani ya chumba anachoamini kina nyoka. Nyoka bado yumo, ila sasa huwezi hata kumulika.

Na usingizi? Hapa simu ina hatia yake na siitetei. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Kwa hesabu ya daftari, huyu alikuwa anapata takriban tano. Balehe yenyewe husogeza saa ya mwili mbele, homoni ya usingizi inachelewa kupanda, kwa hiyo kijana hata asiye na simu hukawia kusinzia. Ongeza hofu, ongeza mwanga wa kioo usoni, ongeza shule ya asubuhi. Mtu anayelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku, miezi mfululizo, anaanza kuona ubaya hata kwenye "mambo vipi" ya kawaida. Ilifika mahali siwezi kusema kwa uhakika kipi kinamsukuma mwenzake: anakesha kwa sababu ana huzuni, au ana huzuni kwa sababu anakesha.

Tafiti zinasemaje, na kwa nini sikuandika neno "uraibu"

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha King's College London walikusanya tafiti 41 zenye watoto na vijana karibu 42,000. Wakakuta kwamba takriban mmoja kati ya wanne ana matumizi ya simu yenye matatizo, na kundi hilo ndilo lililokuwa na sonona, wasiwasi, msongo na usingizi mbovu zaidi kuliko wenzao. Mzazi akisoma hivyo anafunga mjadala. Lakini kukuta vitu viwili nyumba moja hakukuambii nani alimkaribisha mwenzake.

Mwaka huohuo, Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua taarifa za vijana zaidi ya 350,000 wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya dijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wanaoitetea simu nao wakafunga mjadala. Kwa maoni yangu wote wamefunga mapema. Wastani wa watoto laki tatu na nusu, wengi wao wakiwa wanacheka na katuni, hauwezi kumficha wala kumfichua binti mmoja aliyeko chooni saa nane usiku.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa kucheza gemu kupindukia. Uraibu wa simu haumo. Sisemi kwamba hakuna anayeumia, ila kwa kisa hiki neno lile lilikuwa linaleta madhara ya wazi: lilimpa mama mshitakiwa asiye na mdomo, likampa binti pa kujificha. Alikuwa tayari aitwe teja kuliko kueleza kwamba hana rafiki. Ukisikia hilo mara moja hulisahau. Kwenye faili nikaandika: "kuangalia simu kwa kurudiarudia kutokana na hofu ya kutengwa, sonona ya kiasi, kunyimwa usingizi."

Baba anaingia

Kikao cha nne baba alikuja. Mtu mpole, mwenye haraka. Alitaka jambo lililonyooka. "Mbona Australia wamepiga marufuku wakamaliza?"

Ni kweli, sheria yao ilipitishwa Novemba 2024 na kuanza kazi tarehe 10 Desemba 2025: chini ya miaka 16, huna akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na faini inazipiga kampuni, haimpigi mtoto wala mzazi. Nikamweleza kwamba sheria ile imeziacha nje programu za kutumiana ujumbe. Grupu la watu watano, skrinishoti, ametolewa, mwisho kuonekana: vyote hivyo vingebaki palepale. Akanyamaza. Simu yake ikatetema mfukoni, akaitoa, akasoma, akairudisha.

Binti, ambaye alikuwa hajasema neno, akasema: "Ya sita hiyo."

"Ya sita nini?"

"Mara ya sita unaangalia, baba. Tangu tumekaa."

"Hii ni ya kazi, mama." Huwa anamwita hivyo bintiye, kwa jina la bibi yao.

"Na yangu ni ya kazi."

Mama alicheka kwanza, kisha mimi. Baba hakucheka, lakini aliiweka simu kifudifudi mezani, karibu na ile yenye kioo kilichopasuka. Vikao vingine huenda saa nzima bila kufika hapo.

Tulichofanya

Saa za mchana tuliziacha. Kila mtu alishangaa, mimi pia kidogo.

Usiku ndio tuliushika. Simu zote za nyumba nzima zilale sebuleni kwenye rafu, kuanzia saa tatu na nusu. Binti akatoa hoja ya alamu ya asubuhi, kaka yake akaileta hoja hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi, zikanunuliwa saa mbili za mezani, hoja ikaisha. Baba alisema yeye hupigiwa usiku. Tukakubaliana yake iwe na mlio wa juu, ila ikae kwenye rafu.

Kazi ngumu ilikuwa ya binti. Kila hamu ya kuangalia ikimjia, achelewe dakika kumi. Si kujizuia, ni kuchelewa tu. Na kabla hajafungua, aandike anachotabiri atakuta. "Natabiri wameweka picha bila mimi." "Natabiri wananisema." Halafu aangalie, aandike alichokuta. Hii ni mbinu ya tiba ya utambuzi na tabia: badala ya kubishana na hofu, unaipeleka ikapimwe. Kati ya utabiri 14 wa wiki ya kwanza, mmoja ulitimia. Siwezi kuficha kwamba huo mmoja ulimuuma sana, kwa sababu kweli walikuwa wamemsema. Nilichokuwa nimejiandaa kumwambia, kwamba hofu zake nyingi ni za kichwani, kilinikauka mdomoni. Tukakaa na lile lililotimia kikao kizima.

Nilipendekeza awabloki. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Nikiwabloki watajua nimewabloki." Alikuwa sahihi, na kwa umri wake hilo ni jambo la kufa na kupona. Badala yake akazima alama yake mwenyewe ya "mwisho kuonekana", na kwa bahati njema programu anayoitumia ukizima yako huoni ya wenzako. Njia moja ikazibika bila tangazo.

Shuleni mambo yalikwenda mrama kabla hayajatengemaa. Mama alimweleza mwalimu wa malezi faraghani, akaomba ushauri. Kesho yake mwalimu akasimama mbele ya darasa akatoa hotuba kali kuhusu "wale wanaotuma skrinishoti za wenzao". Hakutaja jina, lakini darasa zima liligeuza shingo upande mmoja. Binti alikosa shule siku mbili, na daftari la usiku wa siku hiyo lina maandishi tisa. Nilizungumza na mwalimu. Alijitetea kwamba nia ilikuwa njema, na najua ilikuwa njema. Tukaelewana kwamba safari ijayo azungumze na wahusika mmoja mmoja, kwa sababu kusambaza ujumbe wa mtu ili kumdhalilisha ni uonevu, unapaswa kushughulikiwa kama uonevu, na si mada ya mahubiri.

Aliyefungua njia hakuwa mwalimu wala mimi. Mmoja wa wale wanne, siyo aliyepiga skrinishoti, alimkuta binti peke yake kituoni akamwambia kwamba grupu jipya lilikufa wiki mbili baada ya kuanzishwa. Walikuwa wameshagombana wenyewe. Kwa hiyo kwa miezi karibu mitatu binti huyu alikesha akilinda mlango wa nyumba ambayo haina mtu ndani.

Wiki ya kumi

Muda wa kulala ulifika jumla ya saa saba na nusu, karibu kila usiku. Hojaji ya sonona ilishuka kutoka 13 hadi 7, na swali la tisa lilikuwa sifuri. Nilimuuliza tena kwa mdomo, hata hivyo. Amerudi kwenye kikapu, timu ya mtaani badala ya ile ya shule. Na yule msichana wa kituoni huja nyumbani kwao Jumamosi. Hawajasameheana rasmi, hakuna aliyelitaja lile jambo, wanafanya hesabu tu.

Kipimo cha simu safari hii alikijaza peke yake, mlango umefungwa. Alipata 36. Mstari wa hatari ni 33. Ukienda na karatasi ile peke yake, bado ana tatizo, na mama alilishika hilohilo.

"Sasa Daktari, mbona bado anashika simu kutwa? Jumapili nimehesabu saa nne."

Nikamuuliza alikuwa anafanya nini hizo saa nne. Akafikiri. "Anacheka. Anajirekodi na mwenzake wanacheza." Akakaa kimya kidogo. "Ila saa nne ni nyingi." Ni nyingi, nilikubali, na tunaweza kuzizungumza kama nyumba yoyote inavyozungumza habari za kazi za ndani na muda wa kusoma. Hilo ni suala la malezi. Lile la chooni saa nane usiku lilikuwa suala lingine, hata kama kifaa ni kilekile.

Wiki ya kumi na moja aliteleza. Picha ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, watu wengi, yeye hayumo. Usiku mbili mfululizo alishuka sebuleni akaitoa simu kwenye rafu. Tofauti ni kwamba asubuhi ya tatu alimwambia mama yake mwenyewe, na alikuja kwangu na daftari lililojazwa safu zote tatu bila kuombwa. Kwenye safu ya mwisho ameandika: "Baada: nimeumia. Nimerudi kulala."

Rafu ya sebuleni sasa inalaza simu tatu. Kila nikiuliza kuhusu ya nne, mama na binti wanatazamana. Kikao cha wiki ijayo nimemwomba baba aje peke yake.